Kuokoka Bila Kipaza Sauti

Siku ya kwanza tulipokwenda kuwaokoa wanawake wa baa, walitupa pole ya msiba.

Kosa lilikuwa letu. Umoja wetu wa akina mama ulikuwa na sare mpya, kitenge cha bluu iliyokolea chenye maua meusi, na mimi ndiye niliyekishona, kwa hiyo lawama ya sura zetu nusu ni yangu. Tulikuwa tumekubaliana kwamba tukifika mbele ya baa mtu asicheke, maana kucheka ni kama kukubaliana na mambo ya pale. Basi asubuhi tukatoka kanisani wawili wawili, nyuso zimekunjwa, mikono kifuani, tukavuka barabara ya malori na kuingia uani mwa baa iliyo jirani na makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu. Mwenye baa alipotuona akazima muziki. Akaja mbio na jamvi, akalitandika ukutani penye kivuli, akasema kwa sauti ya chini, "Karibuni, mayu, mama zetu. Poleni sana. Ni nani tena?"

Mwenyekiti wetu alikuwa ameandaa maneno ya kuanzia, lakini hayakuwa na mahali pa kupenya. Tukakaa. Wanawake wa pale wakatoka vyumbani mmoja mmoja, wamejifunga khanga, mwingine na mswaki mdomoni, wakakaa nasi kimya kama inavyopasa. Huku kwetu mtu hafiki msibani akaanza kudadisi, anasubiri aambiwe. Kimya kikarefuka mpaka dada mmoja mwembamba, mwenye mwanya, akaanza kulia taratibu. Mwenzetu mmoja, ambaye hawezi kuona mtu analia akamwacha alie peke yake, akampokea. Sasa tukawa na msiba kamili, tumekosa marehemu tu.

Mimi nina tabia ya kucheka pasipofaa. Nilicheka hata siku ya ndoa yangu, wakati baba mkwe anatoa nasaha. Nikajikaza, nikashindwa. "Jamani," nikasema, "hajafa mtu. Tumekuja kuwaletea Neno."

Yule mwenye mwanya akafuta machozi kwa ncha ya khanga, akanikazia macho. "Sasa mimi nimemlilia nani?"

Kicheko kilichofuata ndicho kilichotufungulia mlango. Mpaka leo mwenyekiti wetu akisimulia habari za huduma yetu huanzia kwenye maombi ya kufunga. Mimi huanzia hapo.

Niseme kidogo mimi ni nani. Ni fundi cherehani, mjane, nimezaliwa upande wa Tinde kwenye ng'ombe na pamba. Mume wangu ndiye aliyenileta huku Bulyanhulu, enzi aliposikia kuna rashi, yaani dhahabu imeonekana mahali na kila mwenye sululu anakimbilia huko. Dhahabu aliyoipata ilitosha kuninunulia cherehani. Yeye ameshakwenda, cherehani ipo. Kwa hiyo kanisa lilipoamua kuwafundisha wanawake wa baa kazi ya mikono, halikujiuliza sana ni kazi gani. Mashine ilikuwepo, mwenye mashine alikuwepo, basi wote walitakiwa kuwa mafundi.

Dada mwenye mwanya alikuwa mwanafunzi wangu mbaya kuliko wote waliowahi kukalia kiti kile. Nilimpa kaptula ya shule ashone, akanirudishia imefungwa miguu yote miwili, mshono umenyooka vizuri kabisa. Nikamuuliza mtoto atatolea wapi miguu. Akaigeuza, akaitazama, akasema, "Kwani lazima atoke?" Nikamhamishia kwenye vifungo. Akashona kifungo pamoja na sketi yake mwenyewe, aliposimama akaondoka na shati la mteja.

Lakini mdomo wake! Alikuja kila Alhamisi, na nadhani alikuja kuongea tu. Siku moja akiwa anang'oa nyuzi alizokosea, akanieleza kwamba yeye ameshaokoka mara kadhaa. Makanisa yote ya mji huu mdogo yamepita pale baa kwa zamu zao, na kila lililopita limemwokoa.

"Kila kanisa lina namna yake, Mama," akasema, kama mtu anayemfundisha mgeni njia. "Wale wa turubai wanataka uanguke. Ukibaki umesimama wanakusukuma kidogo, kwa upendo. Wale wa kule stendi hawataki kabisa uanguke, wanataka ulie, na ukilia vizuri unafungiwa pilau ya kwenda nayo. Nyie mnapenda nini?"

"Sisi tunapenda vikao," nikamwambia.

Akacheka mpaka mwanya ukaonekana wote. Akasema kwenye kuanguka alikuwa hodari, alikuwa anaombwa hata na makanisa ya Runzewe. Alijua aanzie wapi ushuhuda wake, ashushe sauti wapi, anyamaze wapi ili watu waseme "Yesu!" Jumatatu anarudi baa na sabuni aliyopewa. Mimi sikumkemea. Ukweli ni kwamba nilikuwa nampenda kuliko walokole wengi ninaowajua, na kazi ya kukemea ina watu wake pale kanisani, tena wana nguvu.

Kisha ikaja asubuhi moja ambayo haikuwa Alhamisi. Nilikuwa nafagia mlangoni. Akaja bila wanja, bila utani, akapiga goti kabisa kama tunavyofanya mbele ya mama wakwe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Umeua?"

Hakucheka. Akaniambia ana binti, anayelelewa na bibi yake kijijini huko nyuma ya Runzewe. Bibi sasa macho hayaoni, hawezi tena kumlea, na shule zikifunguliwa mtoto lazima awe huku na mama yake. Mtoto anaamini mama yake anapika hotelini.

"Basi upike hotelini," nikasema.

"Ndicho kilichonileta. Nataka kutoka, Mama. Safari hii kweli. Ila nataka kutoka kimya kimya. Sitaki kusemwa."

Msomaji asiyelijua kanisa letu anaweza kudhani ombi hilo ni jepesi. Mchungaji wetu alikuwa amefunga spika za pembe juu ya nguzo ya chuma. Moja inatazama soko, moja inatazama shule, na moja inatazama mashimo ya wachimbaji, wasije wakasema siku ya mwisho kwamba hawakusikia. Jumapili mji mzima unasali, anayetaka na asiyetaka. Nimewahi kusikia matangazo ya harusi ya mwanangu mwenyewe nikiwa chooni.

"Nikisemwa pale nimekwisha," akaendelea. "Wanaume watakuja kunywa supu yangu huku wanakonyezana. Wake zao hawatakuja kabisa. Na mwanangu shuleni ataitwa mtoto wa nani?"

Nikamwambia hakuna atakayemsema. Nilisema kwa urahisi sana, kama mtu anayeahidi kushona gauni kwa kesho.

Alipata mahali pa kupikia kwenye baraza ya mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la misumari na mabati. Mzee huyo hakumuuliza ametoka wapi. Alimuuliza moshi utakwenda upande gani, akamwonyesha ukuta ambao hataki uguswe na masizi, mazungumzo yakaisha. Na huyu binti aliyefunga miguu ya kaptula, ukimpa makongoro na moto wa mkaa, alikuwa mtu mwingine. Supu yake ilikuwa nzito, ina ndimu na pilipili ya kutosha kumwamsha mchimbaji aliyekesha shimoni. Chapati zake zilichanika zenyewe kabla hujazigusa. Wateja wake wa zamani walikuja, hilo tulilitegemea. Walikuja na macho yale. Akawa anawaambia, mwiko mkononi, "Hapa kuna supu na chapati. Kingine kimeisha." Wengi walikaa wakala. Waliobisha walimwagiwa maji ya kuoshea vyombo miguuni, kwa bahati mbaya.

Mtoto akaja. Ni binti mkimya, mwanya kama wa mama yake. Nikamshonea sare ya shule, sketi iliyoacha nafasi ya kukua.

Kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri mpaka ikatangazwa kwamba Askofu anakuja.

Mchungaji wetu ni kijana mzuri, sina ubaya naye. Ni rika la mwanangu wa kwanza, na ananiamkia hata kama tumeshaonana asubuhi hiyo hiyo. Alinikuta kwenye cherehani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mchungaji."

"Mama, siku ya Askofu tunataka yule dada wa supu atoe ushuhuda."

"Hataki."

"Mwanzoni ataogopa. Akishashika kipaza sauti Roho atamsaidia."

"Haogopi, Mchungaji. Hataki. Hayo ni mambo mawili."

Akaniambia ushuhuda unajenga. Nikamkumbusha yule mwanamke wa zamani katika Maandiko, aliyekaa ukutani mwa mji na kuwaficha wapelelezi darini. Aliolewa, akazaa, akawa bibi wa wafalme, na mpaka leo akitajwa madhabahuni lazima kwanza aitwe kahaba. Maelfu ya miaka, na bado hatujamwacha apumzike. "Na yeye alikuwa hana binti anayesoma jirani na spika," nikamalizia. Mchungaji akacheka, akasema nitamharibia mahubiri yake. Nikadhani nimeshinda.

Nilimsahau mtunza hazina. Huyu ni mzee wa kanisa, anauza vipuri vya pikipiki, na kila jambo analipima kwa duka lake. Kwenye kikao alisema huduma isiyo na ushuhuda ni sawa na kufanya biashara huku umeficha mali stoo. Askofu ataona nini? Ataona akina mama wamevaa bluu. Wenzangu wakatikisa vichwa kwa uchungu, maana ni kweli tulikuwa tumevaa bluu na tulitaka kuonekana. Mimi nilibishana mpaka sauti ikakauka. Kikao kikaamua, kwa upendo, kwamba dada ataombwa tu, hatalazimishwa.

Kuombwa kwenyewe kulikuwa hivi. Siku mbili tatu kabla ya Jumapili gari la matangazo likazunguka mjini na spika zake, likapita stendi, likapita makarasha, likapunguza mwendo mbele ya baraza ya duka la misumari. "Njoo umwone dada aliyetolewa kwenye biashara ya mwili, hapa hapa mjini kwetu! Atasimama mwenyewe! Atasema yote!"

Binti alikuwa anamsaidia mama yake kukanda unga. Akauliza, "Mama, ni nani huyo?"

"Simjui," mama yake akasema.

Alinisimulia hilo jioni, nilipomkuta anafunga mzigo. Begi lilikuwa kitandani, na sufuria zimeingizwa moja ndani ya nyingine. Akasema kuna rashi mpya upande wa Geita, watu wanahamia, huko hakuna anayemjua. Nikamuuliza atakwenda kufanya nini huko. Alikuwa anaitazama sare ya shule iliyoning'inia kwenye msumari, na mimi nikajua jibu, kwa sababu kwenye rashi mpya mwanamke anayefika na begi na mtoto hapewi baraza na mtu. Niliogopa. Niliogopa kuliko nilivyoogopa wakati mume wangu anaumwa, na hasira ikanipanda juu ya hofu, hasira ya kweli, ya kutaka kwenda kulipiga mawe lile gari.

"Sikiliza," nikamwambia. "Jumapili pika kama kawaida. Kanisani usije. Utasikia kila kitu pale pale ulipo. Wakikutaja, wakitaja hata chapati, panda pikipiki nenda zako, sitakulaumu. Lakini usiondoke kabla hujasikia."

Akasema ameshaongea na bodaboda, atakuwa anasubiri pale pale barazani. Ningefanya nini? Nikamwambia bodaboda naye apewe supu.

Sikuwa na mpango wowote. Watu wakinisifu siku hizi wanasema nilipanga. Usiku huo nilishona pindo moja nikalifumua, nikalishona tena.

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje. Askofu wetu ni mzee wa Kisukuma, mnene, mwenye macho ya kusinzia ambayo hayasinzii. Alikaa mbele kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, huku wazee wa kanisa wakiwa benchi la kwanza, suti zimenyooshwa. Kwaya ikaimba, tukachangamka. Kisha Mchungaji akashika kipaza sauti na kutangaza kwamba sasa ni wakati wa matunda ya huduma ya akina mama. Dada yetu yuko wapi? Apite mbele. Kimya. Asiogope, sisi ni familia. Watu wakaanza kugeuza shingo kuelekea mlangoni, na nikaona kidole cha mtu mmoja kimeanza kuinuka kuonyesha upande wa duka la misumari.

Nikasimama. Mchungaji akafurahi, akadhani nimekwenda kumtafuta. Nilipomfikia nikachukua kipaza sauti mkononi mwake, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto mkasi.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Ushuhuda wa huduma hii nitautoa mimi," nikasema, na nikaisikia sauti yangu inarudi kutoka sokoni. "Baba Askofu, sisi akina mama tumekuwa tukienda kule baa asubuhi, saa ambazo watu wanaondoka. Tunakaa pale mlangoni. Na mtu akikaa mlangoni, anaona wanaotoka."

Hata watoto waliacha kulia.

"Nimekuwa najiuliza jambo moja. Hii biashara tunayoisema kila siku, hawa dada zetu walikuwa wanaifanya peke yao? Maana tunawaita wao tu kuja kutubu mbele. Hakuna biashara isiyo na mteja, hata mzee wetu wa vipuri atanishuhudia." Mtunza hazina akakohoa. "Basi nikasema leo, kwa kuwa Baba Askofu yupo, tusiwanyime baraka na wale wengine. Wapo humu ndani. Sura zao ninazo. Sitaki kumlazimisha mtu, nitawaomba tu, kama tulivyokubaliana kwenye kikao. Sijui Baba Askofu angependa nianzie benchi la nyuma, au nianzie hapa benchi la mbele."

Mzee mmoja akakumbuka ng'ombe wake hajafungwa. Mwingine akatoa simu ambayo haikuwa imeita, akaanza kuongea nayo huku anatoka. Mpiga kinanda, kijana ambaye hata mke hana, akainamia kinanda chake kana kwamba ametumbukiza kitu ndani. Upande wa akina mama, wake wa waheshimiwa walikuwa wamegeuka wote, kila mmoja anamtafuta wa kwake. Nami nikashika kipaza sauti vizuri, nikavuta pumzi kwa kishindo ili mji mzima usikie, nikasema, "Basi naanza na benchi la mbele—"

Umeme ukakatika. Siyo wa mji. Ni mtunza hazina, ambaye magoti humsumbua miaka yote, alikuwa ameshafika kwenye swichi.

Niseme ukweli sasa, kwa kuwa hapa hakuna spika. Kwenye asubuhi zote tulizokaa pale mlangoni, mtu wa kanisani kwetu niliyemwona anatoka ni mmoja tu, na alikuwa na bisibisi mkononi, akasema amekuja kutengeneza friji. Huenda ni kweli. Benchi la mbele lote lilijishuhudia lenyewe.

Askofu alikuwa ameinamisha kichwa, na mabega yake yanatikisika. Tulidhani anaomba. Alipoinuka akaifuta miwani yake, akasema kwa sauti yake ya kawaida isiyohitaji umeme, "Mama, ushuhuda wako umetutosha." Kisha akaagiza kwaya iimbe, na kwaya ikaimba wimbo mrefu kuliko zote inazozijua.

Yaliyotokea barazani niliambiwa baadaye. Soko zima lilikuwa limesimama, vikombe vimeishia njiani. Spika zilipokatika mtu akapiga kelele, "Washeni!" na wengine wakaitikia, "Washeni bwana!" Wanawake wa mchicha walicheka mpaka wakakaa chini. Bodaboda alikuwa amelalia tenki la pikipiki yake, machozi yanamtoka, amesahau kabisa kwamba ana abiria. Na abiria wake alikuwa amekaa juu ya begi lake, anacheka, mkono mdomoni.

"Mama, ni nani huyo?" binti yake akauliza tena.

"Huyo ni fundi aliyekushonea sare," akasema, akaingiza begi ndani.

Mji ulichukua muda mrefu kujaza majina niliyokatizwa. Kila aliyetaka alinijazia ya kwake, na wake wa wazee wa kanisa walikuja kushona kwangu kwa wingi ambao sijawahi kuuona, kila mmoja na kitambaa kidogo na swali kubwa. Sikumjibu hata mmoja. Mchungaji alininunia, akaacha kuja kunywa maziwa kwangu, kisha siku moja akapita, akaniamkia, akaketi, akaomba kikombe. Tukaongea habari za mvua. Ushuhuda wa namna ile uliondolewa kwenye ratiba za ibada, na hakuna aliyeandika popote kwamba umeondolewa.

Yule dada hakujiunga na umoja wetu. Mara chache huja ibadani, hukaa nyuma, hutoka kabla ya matangazo kwenda kuangalia moto. Kwenye vikao bado wapo wanaosema huduma yetu haina matunda. Wanasema tumehangaika, tumeshona sare, tumefunga na kuomba, na hakuna hata mmoja wa kuonyesha. Mimi huwa nasema ni kweli, hakuna wa kuonyesha, tuendelee na ajenda.

Basi mwaka huu wakaja wageni, watu wema wanaochangia huduma za namna hii sehemu nyingi. Wametoka mbali, wana viatu vya kupandia milima kwenye mji usio na mlima. Walitaka kuwaona wanawake waliotoka. Mchungaji akaniangalia mimi. Mimi nikawaangalia wageni, nikaona wamechoka na vumbi limewapausha nyuso, nikasema kwanza wakanywe chai.

Nikawapeleka barazani. Mwenye mwanya aliwanawisha mikono mmoja mmoja kwa birika, akawawekea supu na chapati, akampunguzia pilipili mama mmoja mwenye mvi aliyeanza kutokwa jasho. Walikula sana. Yule mwenye mvi, ambaye ndiye kiongozi wao na Kiswahili alikuwa anakijua kidogo, akaniuliza kama watawaona wale dada leo.

"Leo hawakuweza kuja," nikasema. "Wana kazi."

Akasikitika, akaweka kijiko chini. Akasema inamuuma kukaa karibu nao namna hii bila kuwaona, basi angalau tuwaombee. Akasimama, wageni wote wakasimama, tukashikana mikono kuzunguka meza. Palibaki nafasi upande wa jiko. Akamgeukia mpishi, akamnyooshea mkono kwa heshima, akamwomba naye aungane nasi, kwa kuwa ni mwanamke, kuwaombea wanawake walio gizani.

Mpishi akafuta mikono kwenye aproni. Akaja akasimama kati yangu na yule mgeni, akatushika wote wawili. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na sikuthubutu kumtazama, nikaangalia sufuria. Sala ilikuwa ndefu, ya huruma, na nadhani Mungu aliipokea. Ilipofika mwisho ni yeye aliyesema amina kwa sauti kuliko sisi wote. Kisha akatuachia mikono, akachukua upawa, akauliza nani anaongezewa supu.